Mgeni Gani Huzika Mume?

Mellen Bochaberi alifika kisiwa cha Rusinga akiwa msichana, akimfuata baba yake kutoka Migori. Mzee Masese alikuwa ameajiriwa kupasua mawe ya lile tuta la barabara linalovuka maji kuunganisha kisiwa na mji wa Mbita, na binti akawa anawapikia wafanyakazi uji. Kazi ilipokwisha, baba alirudi nyumbani. Bochaberi alibaki. Aliolewa na Okal, mvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, akajua Dholuo, lugha ya Wajaluo wa hapo, mpaka ya kugombana, akazaa, akamzika mume, akanunua kinu cha kusaga mahindi. Watu walimwita nyar Kisii, binti wa Kisii, naye aliitika.

Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, vijana walisimama mlangoni mwa kinu wakamwambia afunge aende kwao.

"Kwetu ni hapa," aliwajibu, akaendelea kusaga. Siku hiyo wifi yake Risper, dada ya Okal, alijifungia ndani, asitoke kumtetea. Bochaberi hakumuuliza sababu. Hakusahau pia.

Miaka ikapita, kisiwa kikaamua kuadhimisha kujengwa kwa tuta. Mwaka mzima ulikuwa wa shughuli: mashindano ya mashua, misa ya shukrani, mpira wa vijana. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Ogweno, binamu ya marehemu Okal. Kwenye bango kubwa aliandikisha: TUTA MOJA, TAIFA MOJA.

Siku ya kilele, Lorine, katibu wa kamati, alisimama langoni akibandika watu utepe kifuani. Wenyeji bluu, wageni mweupe. Bochaberi akapewa mweupe.

"Mimi mgeni wa nani?"

"Pole mama, si mimi," Lorine alisema, macho chini. "Kamati ilisema watu wa jamii zingine wakae ile hema ya kule. Hata chakula yao iko spesheli."

"Hiyo spesheli mpeni mwingine."

Akamrudishia utepe, akabeba kiti cha plastiki, akaenda kukaa katikati ya hema la wenyeji. Ogweno alikuja mbio, suti ikimbana.

"Shemeji, usituaibishe mbele ya wakubwa. Wewe ni mgeni wa heshima."

"Mgeni gani huzika mume?"

"Leo ni historia ya kisiwa. Kila mtu ana kwao."

"Nyanya yako alisali kwa Kisuba, wala si Dholuo, mpaka akafa. Watu wake walivuka ziwa kwa mitumbwi wakaja hapa. Yeye mbona hamkumpa utepe mweupe?"

Watu waliguna. Ogweno alivimba uso, akawaita vijana wawili. "Ondoeni hicho kiti."

Wakashika miguu ya kiti. Bochaberi akakunja mikono. "Inueni. Lakini mtainua na mimi."

Vijana wakatazamana. Hapo Risper, aliyekuwa safu ya mbele na utepe wake wa bluu, akasimama. Alikokota kiti chake mpaka ubavuni mwa Bochaberi, akaketi.

"Basi mbebe viwili," alisema.

Vijana wakaachilia, wakarudi nyuma.

Hotuba zikaanza. Wakubwa walisifu umoja, walisifu serikali, walisifiana. Waliopasua mawe hawakutajwa. Mwongozaji alipotaka kufunga kwa maombi, Bochaberi alisimama. Hakupewa kipaza sauti, akapaza sauti yake mwenyewe.

"Kabla ya amina! Masese wa Migori alipasua mawe haya. Machuki, Mkuria, alipoteza vidole viwili. Na vijana wa hapa hapa walibeba mawe hayo kwa mabega, pamoja na Okal wangu. Walikula sufuria moja. Mimi ndiye niliyepika!"

Kutoka hema la wageni mtu alipiga kelele, "Na babangu Maroa!" Mwingine akataja wake. Kisha mzee mmoja wa hapo kisiwani akamtaja kaka yake, na majina yakaanza kutoka pande zote mbili, yakigongana, hata mwongozaji akakata tamaa na maombi.

Wiki iliyofuata ukoo uliitisha kikao nyumbani kwa Ogweno. Bochaberi akaambiwa aombe msamaha kwa kuvuruga sherehe.

"Niombe msamaha kwa kukaa?" aliuliza. "Sherehe nyingine ikija, nitakaa pale pale."

Alitoka kabla ya chai. Risper alimfuata, akamfikia njiani, na ndipo kwa mara ya kwanza akaanza kumweleza kuhusu siku ile aliyojifungia ndani. Bochaberi alipunguza mwendo, akamsikiliza.