Nilivyochagua Boti kwa Kuigonga Kama Sufuria

Jamani, leo nakubali mwenyewe, maana wengine wenu mmeisikia habari hii kwa watu ambao hata hawakuwepo na wameitia chumvi wanavyotaka: ni kweli nilining'inia shingoni kwa mzee ambaye nilikuwa nimeposa kwake, ni kweli nilitoa shahada kwa sauti kubwa mbele ya ng'ombe wasiopungua mia, na ni kweli kwamba maji yenyewe yalikuwa ya magoti. Wanaosema nililia, hao ni waongo. (Nilipiga kelele. Kulia na kupiga kelele ni vitu viwili.)

Wakati huo Mwingereza bado yupo, na mimi nilikuwa kijana kweli kweli, nina duka dogo la vyombo pale Katesh, nauza sufuria, sahani na vikombe vya bati, na katika habari ya sufuria hakuna mtu kuanzia Dirma mpaka Dongobesh aliyeweza kunidanganya. Nilikuwa naigonga kwa kifundo cha kidole, ikilia vizuri najua ni nzima, ikitoa mlio mfupi wa kukwama najua ina ufa, halafu naiinua kwenye jua natazama kama mwanga unapenya, basi, kazi imekwisha. Watu walinisifu, na sifa zote nilizipokea bila kurudisha chenji.

Sasa, Mzee Ramadhani, mfanyabiashara wa mahindi, Mrangi aliyehamia Katesh zamani, ndiye baba yake Mwanaidi. Na Mwanaidi nilikuwa nimempenda, nasema wazi, nilimpenda kiasi kwamba akipita mbele ya duka na ndoo yake nilikuwa nawafungia wateja vitu ambavyo hawakununua. Nilipeleka posa kupitia kwa mjomba wangu, mzee hakukataa wala hakukubali, alisema tu, "Tumesikia. Tunamtazama kijana." Huko kutazamwa kulikuwa kumefika mwezi wa tatu, na mimi kila nikipita kwake natembea kama askari, kifua mbele, maana sikujua dirisha gani ndilo linalonitazama.

Siku moja tumekaa barazani kwake baada ya swala ya alasiri, akasema anataka kuanza biashara ya samaki wakavu kutoka ziwa Basotu, kwenye zile kingo zenye matete ambako maji ni mafupi na perege wamejaa, na amesikia kuna mzungu kule Endagikot anarudi kwao Ulaya, anauza boti mbili za alumini alizokuwa akizitumia kwa uvuvi na kuwinda bata. Akauliza, "Nani hapa anajua boti?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini marehemu baba yangu alizaliwa Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika (alitolewa huko akiwa bado ananyonya, hilo sikulitaja), na Mwanaidi alikuwa ndani nyuma ya pazia akimimina chai, vikombe nilikuwa navisikia kabisa, basi mdomo ukanitangulia.

"Mimi, baba," nikasema. "Sisi ni watu wa ziwa."

"Alhamdulillahi," mzee akasema. "Basi nenda kachague moja. Jicho langu mimi ni la mahindi. Na lile jambo letu jingine, mwanangu Jumanne, tutalizungumza boti ikishaelea."

Mmesikia hapo? Boti ikielea, napata mke. Usiku ule nililala nikicheka peke yangu.

Nikapanda lori mpaka Endagikot. Mzungu mwenyewe alikuwa ndani anafunga makasha, nikapokelewa na mpishi wake, Mwiraqw mtu mzima anaitwa Tluway, nikampa shikamoo yake akaniitikia vizuri, akanipeleka nyuma kwenye banda. Boti mbili zimelazwa kifudifudi juu ya magogo. Moja pana, chini tambarare kama sinia, imebonyea kila mahali na kupakwa rangi ya matope. Ya pili, jamani, nyembamba, pua imechongoka, tumbo refu la kwenda chini, na inang'aa. Hata kabla sijaigusa nilishamwona Mwanaidi amekaa ndani yake na mwavuli.

"Hii mbaya ndiyo bwana anatumia kila Jumapili," Tluway akaniambia. "Inapita juu ya matope, haina neno. Ile nzuri inakunywa."

"Inakunywa nini?"

"Maji. Ribiti, hii misumari inayoshika bati, zimelegea, tunaziba na lami. Ngoja nilete ndoo tujaze maji ndani, utaona inavuja wapi."

Nilicheka. Wallahi nilimcheka mtu mzima usoni. "Mzee wangu," nikamwambia, "boti ndiyo inaingizwa majini, maji hayaingizwi kwenye boti!" Akarudi kwenye kigoda chake kuendelea kumenya viazi.

Nikafanya kazi ninayoijua. Nikaigonga ile pana: ko, ko, sauti ya maskini. Nikaigonga inayong'aa: ikalia mpaka kuku wakainua vichwa. Kuiinua juani sikuweza, kwa hiyo nikatambaa nikaingia chini yake nikaangalia kama mwanga unapenya, giza tupu, hakuna hata tundu la sindano. (Lami, ndugu zangu. Ilikuwa ni lami.) Nikatoka na majani kichwani nikasema, "Nachukua hii," na Tluway akasema, "Haya," bila kuniangalia.

Nayo ikapakiwa kwenye lori, tukapita Bashay watu wanasimama barabarani kushangaa, mimi nimekaa ndani ya boti juu ya lori napunga mkono. Kama ningeishia hapo hapo pengine ingeelea hata nusu saa. Lakini nilipofika Katesh niliona ile safari imeipaka vumbi, na kitu cha kumwonyesha baba mkwe hakiendi kichafu, basi kesho yake nikachukua majivu na mchanga nikaisugua kama sufuria ya harusi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Kulikuwa na uchafu mweusi umenata kwenye zile ribiti zote za chini, mgumu kweli, nikaukwangua wote kwa kisu. Nilijisifu kwa kazi ile.

Siku ya siku tukaenda Basotu. Mzee Ramadhani kavaa kanzu nyeupe na kofia ya sherehe, mkewe kaja na Mwanaidi wamebeba beseni, visu na mfuko wa chumvi ya kuwapaka samaki tutakaowavua, na pale pale ufukweni Wabarabaig walikuwa wananywesha ng'ombe. Hao hawali samaki, kwa hiyo hawakuwa na haja na boti yetu, ila waliegemea fimbo zao watutazame, maana mtu anayehangaikia kitu kisicholiwa ni burudani.

Nikamsaidia mzee kupanda, nikasukuma, nikaruka ndani, nikachukua mti mrefu wa kusukumia. Hatua kama ishirini kutoka ukingoni lile tumbo refu likazama kwenye tope, boti ikakwama.

"Mbona imesimama?" mzee akauliza.

"Inapima kina, baba."

Nikasukuma, ikalala upande, ikarudi. Halafu nikaona kando ya kila ribiti niliyoikwangua maji yanatoka, membamba kama uzi, halafu si membamba tena. Nikavua kanzu yangu nikaitandaza chini ili mzee asione.

"Jumanne, miguu yangu imelowa."

"Ni umande, baba." (Ilikuwa saa nne, jua kali.)

Maji yalipofika kwenye vifundo nikavua kofia yangu nikaanza kuchota namwaga nje, nachota namwaga, huku nasema "kawaida, kawaida kabisa," na mzee naye akavua yake ya sherehe akachota. Kisha nikasimama nipate nguvu, na boti ya tumbo refu haitaki mtu asimame, ikapinduka ikatumwaga wote wawili.

Mimi kuogelea sijui. Nilimeza maji, nikashika kitu cha kwanza, ambacho kilikuwa ni shingo ya Mzee Ramadhani, nikapanda juu yake kama mtoto mgongoni, kanzu yake nikasikia inachanika, na nikaanza, "Ash-hadu an laa ilaaha..." kwa sauti ambayo nadhani ilifika Katesh. Nikaimaliza. Nikaanza tena.

Ndipo mama mmoja wa Kibarabaig, mwenye sketi ya ngozi, aliyekuwa amesimama na ndama wake hapo karibu, akanyoosha fimbo akasema, "Wewe! Simama. Hapa ndama anasimama."

Nikafungua macho. Ndama yule alikuwa ananitazama, maji yamemfika tumboni. Mzee Ramadhani alikuwa amesimama siku nyingi, kanibeba. Nikashusha mguu mmoja, nikashusha wa pili, nikasimama. Maji ya magoti.

Na hapa ndipo wasimulizi wenu hukosea, kwa sababu husema mzee alikasirika. Hakukasirika! Alicheka mpaka akashika mbavu, mkewe akacheka, Wabarabaig wakacheka, Mwanaidi alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga na mabega yanamtikisika, na mimi moyoni nikaona kumbe hakuna lililoharibika, hawa watu wananipenda. Tukatoka nje, mzee akakaa chini anakamua kanzu yake iliyochanika, akaniuliza kwa upole, bado anafuta machozi ya kicheko, "Mwanangu, hapa tuko watu wa nyumba moja. Niambie tu kweli. Umewahi kupanda boti hata siku moja?"

Watu wa nyumba moja. Alisema hivyo, nilisikia vizuri. Mwanaidi aliacha kucheka akaniangalia, na katika macho yake niliona anataka niseme.

Nikasema, "Nimepanda sana, baba. Ila hii ilitoka kiwandani na kasoro."

Mzee akaacha kukamua kanzu. "Sawa," akasema. Akavaa kofia yake iliyolowa, akainuka. Mwanaidi akainama akafunga mfuko wa chumvi.

Siku ya tatu mjomba wangu akaitwa, akarudi na posa yetu mkononi. Nikamuuliza mzee amesemaje, nikitarajia habari ya boti, au ya kanzu. Mjomba akasema, "Amesema kuzama amekusamehe pale pale. Kanzu pia. Amesema alikuuliza swali moja tu."

Iliniuma, nawaambieni, iliniuma kuliko maji yote ya Basotu, na haikuwa ya kumlaumu mtu. Tangu hapo nimeweka nadhiri, mtu akiniuliza nisichokijua nasema sijui, nasema upesi kabla mdomo haujanitangulia, na wateja wengine wameniona siku hizi nimekuwa mjinga. Waseme.

Mwanaidi aliolewa Babati baada ya mavuno. Nilialikwa, nikaenda, nikakaa kwenye sinia moja na bwana mmoja mgeni wa upande wa kiumeni. Akaniuliza, "Wewe kwa bibi harusi ni nani?" Nikamjibu, "Mimi ndiye niliyeposa kwanza, nikamdanganya baba yake, akanikatalia." Yule bwana akaacha kutafuna, akanitazama, kisha akanisogezea nyama yake yote upande wangu wa sinia.