Mzigo wa Kidahwe

Mjukuu wangu Hamisi aliliingiza gari la marehemu baba yake, analotembelea kila siku, kwenye mashindano ya kupanda mlima Kidahwe. Nilimwona akitoa tairi la akiba kwenye buti, nikadhani ananiachia nafasi. Kwetu Ujiji gari haliendi kwa ndugu likiwa tupu, na mdogo wangu anakaa Kidahwe. Alipokwenda msikitini nikapakia madumu ya mawese na gunia la dagaa. Mzee mzima, sikuuliza.

Nikamtangulia kwa basi. Akafika wa mwisho, injini inafuka moshi.

"Bibi, nimeliua gari la baba. Na nililipunguzia uzito wote!"

Akalia mbele za watu. Nilikuwa bado namfuta machozi, mdogo wangu akaja na beseni.

"Dada, fungueni buti basi, nichukue mawese yangu."