Filamu Niliyoiponda Imemleta Baba Kwangu

Jamani, baba yangu amekuja kwangu leo!

Miaka minne hakukanyaga hapa Ipyana, tangu niolewe na Mmalawi bila ridhaa yake.

Kilichomleta ni filamu.

Jumapili tuliitazama hapa nyumbani, mimi na mume wangu, tukaiponda mwanzo mwisho. Sauti inakwaruza. Mama mzima anapalilia mpunga kavaa viatu virefu! Nikampa mdogo wangu flashi yenye filamu hiyo, akaenda nayo kwa wazazi Ikolo.

Asubuhi nafagia uwanja, bodaboda ikasimama. Baba huyo, kakumbatia mkungu wa ndizi. Hata kumwamkia nikasahau.

"Nimeona ile picha," akasema. "Yule mzee alimsusa binti yake, akaja kufika siku binti anazikwa. Mwanangu, mimi sitaki kuja siku hiyo."

Akalia. Sijawahi kumwona baba akilia!

Hapo mume wangu akatoka ndani, povu la mswaki tele mdomoni.

Baba akamfuata, akamshika mikono yote miwili.

"Nilikukosea, mkwe wangu. Nisamehe."

Maskini, angejibuje na povu lile? Akaitikia kwa kichwa tu, machozi yanamtiririka. Baba akaangua kicheko, na sisi tukacheka.

Nani mwingine filamu mbovu imemtendea makubwa hivi? Semeni!

Sasa hivi wamekaa barazani. Baba anamsimulia filamu nzima, na mume wangu anajifanya hajaiona.