Mkono wa Baba Uliokaribia Kufunguka

Wenzangu shuleni wakisikia watacheka, ndiyo maana sijawaambia. Lakini ilikuwa mchana, nilikuwa macho, na mtu yule nilimpa mkono mwenyewe.

Kabla ya jeshi, baba alikuwa fundi cherehani Namatala, kule Mbale. Alirudi kutoka vitani na ngumi ya kulia isiyofunguka, hata usingizini. Mama akatupeleka Jinja, tukakaa kwa shangazi, mtaa wa Mafubira, maana mjini kulikuwa na daktari Mchina, mama mzee mwenye sindano nyembamba kama unywele. Alitueleza kupitia kwa nesi kwamba nguvu ya mwili hutembea kama maji kwenye mfereji. Hofu ikiingia, mfereji unaziba. Dawa yake ni mwili ulegee, pumzi ishuke mpaka tumboni. Akanifundisha kumbonyeza baba nyayo.

"Akishalegea, asiitwe," alisema. "Aamke mwenyewe."

Wiki ya tatu vidole vikaanza kuachia. Alhamisi ile mama na shangazi walikuwa wameenda soko la Buwenge. Nikabonyeza, nikabonyeza, vinne vikafunguka. Kikabaki kidole gumba tu. Baba alipumua taratibu kama mtoto, nami nikawaza mkasi wake ulioning'inia ukutani Namatala.

Ndipo nikasikia hodi. Mlangoni alisimama askari kijana, meno ya mbele hana. Alininyooshea mkono, nikamsalimu. Ulikuwa wa baridi, umelowa chapachapa, na wakati ule mvua hatukuwa tumeiona mwezi mzima.

"Binti, afande yuko?"

Nikasema amepumzika.

"Niitie tu. Amenishika muda mrefu. Sasa naona anataka kuniachia."

Nilipaswa kukataa. Lakini mimi nina haya. Mkubwa akiniagiza, mdomo unajifunga. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikaita, "Baba, kuna afande anakuulizia."

Aliruka, ngumi ikajifunga. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akaniuliza kama mgeni alikuwa na pengo. Nikaitikia. Akakaa chini sakafuni.

"Huyo tulikuwa tunavuka naye mto, tukikimbia. Nilimshika mkono, ukaniponyoka, maji yakamchukua."

Daktari alijaribu tena sindano zake, akatikisa kichwa. Tukarudi Mbale. Sasa mkasi naushika mimi, baba ananielekeza kwa mkono wa kushoto. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Kiganja changu cha kulia, niamini, tangu salamu ile hakikauki. Hata daftari hili kurasa zake zimejikunja.

Mtu akija kumwita mgonjwa wako aliyelala, hata awe mkubwa, hata awe na adabu, mwambie asubiri. Ni neno moja tu, na mimi lilinishinda.