Povu la mama lililokataa kufa, Ihanda

Wakuu, salaam. Walio rika la wajukuu zangu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazituma. Tuendelee.

Nimeona uzi wa kijana anayeuliza kama sabuni iliyoandikwa "inaoza haraka majini" inaoza kweli. Mmemjibu kwa matusi na stika. Mimi namjibu kwa kisa kilichonitokea. Sina chumvi ya kuongeza, daktari amenikataza.

Ni Ihanda, Karagwe, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa binti ambaye hajaolewa. Shule niliisikia kwa kaka tu. Kusoma nilijifundisha kwa vitabu vyake vya zamani.

Na nilikuwa na wasiwasi wa kuzaliwa nao. Uwanja naufagia, nautazama, naufagia tena. Kuni nazipanga kwa urefu. Mama alikuwa akisema, "Wewe utaolewa na ufagio, na ufagio wenyewe utakukimbia."

Kaka alikuwa karani Bukoba. Krismasi moja akaja na sabuni ya unga.

Wakuu, hamwezi kuelewa. Sisi tulizoea sabuni ya mche, unasugua mpaka bega linalia. Huu unga, kiganja kidogo tu, beseni linavaa shela kama bibi harusi. Mama alipagawa. Alifua hadi magunia ya kahawa.

Sasa, kufua kulikuwa kijitoni, kwenye jiwe lililo juu kidogo ya kisima chetu cha kuchotea maji. Najua mnavyoshangaa. Lakini bibi zetu walifulia hapohapo, na povu la mche lilikuwa likipotea njiani.

La unga halikupotea. Lilishuka na maji, likajikusanya pale pa kuchotea, likakaa.

Ma Kokusima, jirani yetu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, akaja hadi uani. "Mama Karani! Povu lako limenitangulia mtungini. Ndizi zangu zimenuka nguo zako!"

Mama akamjibu, "Ungekuwa na nguo ungeijua harufu yake."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wanawake wakakaa kikao. Mama akaapa kwamba sabuni ni sabuni, ikilala majini inakufa. Wakamwambia sawa, mwezi mpya ukiandama utuoneshe imekufa. La sivyo, asikanyage tena kisimani. Maji mengine yalikuwa kule bondeni kwenye mafunjo, ambako ruba wanakusubiri kama wageni wanaosubiri chakula.

Mama akanigeukia. "Wewe unayesoma. Fanya kitu."

Nikafanya. Nilishaona jani la mgomba likianguka kwenye tope linaoza upesi, likianguka juu ya jiwe linakauka tu. Nikawaza kwamba ndani ya tope kuna kitu kinachokula. Basi nikachukua vibuyu vitatu vya baba. Kimoja nikatia maji ya kisima matupu, cha pili maji na mche, cha tatu maji na unga. Vyote nikavitia tope la kisima, kiasi kilekile. Nilipima tope kwa kifuniko, nikarudia kupima, nikalia kidogo, nikapima tena.

Kila asubuhi nikawa natikisa na kuchungulia povu.

Siku moja baba yuko katikati ya sala ya asubuhi, tumeinamisha vichwa, mara PAA! Kizibo kikaruka hadi darini. Kibuyu cha maji matupu kinatoka povu mdomoni kama mwenye kifafa.

Baba hakusema amina. Alinusa. "Nani anapika rubisi kwa maji ya kisima?"

Kwetu Karagwe hata mtoto anajua: kibuyu cha rubisi hakioshwi. Mashapo ya pombe ya ndizi yanabaki humo ili pombe ijayo ichachuke vizuri. Mimi mpima tope sikukumbuka hilo. Nilikuwa nimetikisa pombe wiki nzima.

Mama alifurahi kupita kiasi. "Umeona? Hata maji matupu yana povu! Kawaambie hivyohivyo!"

Wakuu, nilijaribiwa. Ningemwokoa mama kwa neno moja, na lisingekuwa uongo kamili. Usingizi ukanikimbia. Mwishowe nikamwambia, "Mama, ile ni pombe ya baba, siyo maji."

"Kwani nani atajua?"

"Mimi."

Akanitazama kama ufagio uliokwisha kunikimbia.

Nikaomba chupa tupu za dawa kwa mwenye duka, nikazichemsha, nikaanza upya. Maji matupu yakatulia. Povu la mche likapungua, likapungua, likafa, maji yakanuka kama kitu kilicholiwa. La unga likasimama. Nikawa naliombea mauti. Mama akipita anauliza, "Limekufa?" "Bado." "Lifokee!"

Mwezi ukaandama. Wanawake wakaja. Nikaibeba chupa ya unga taratibu, isije ikatoa povu yenyewe. Mama akaninyang'anya, akaitikisa mwenyewe mbele yao. Likapanda hadi shingoni mwa chupa.

Wanawake wakainama, wakachungulia.

"Basi," akasema mama, "nitafulia kibanjani kwangu, nimwagie chini ya migomba. Migomba haina midomo kama yenu."

Wakaguna, wakakubali aendelee kuchota. Wakiwa wanaondoka, Ma Kokusima akarudi nyuma. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akinong'ona. "Mama Karani waitu, mwenzangu, mwanao anarudi lini? Mwambie alete na unga wa kwangu."

Kabla ya mvua kwisha kila kibanja kilikuwa na shimo lake la kufulia, na lile jiwe la bibi zetu likaota ukungu.

Wajukuu wananiambia leo maabara hufanya vilevile kwa vyombo vya maana: kemikali, maji, vijidudu kidogo vya kuila, halafu wanapima hewa ambayo vijidudu vimetumia. Na lazima pawepo chupa ya maji matupu. Nilicheka sana kusikia hilo.

Kwa hiyo, kijana, maandishi ya pakiti yaache. Tia majini, tia tope, tikisa, subiri. Ila osha chombo kwanza.

Wataalamu wa maji, nirekebisheni, uwanja ni wenu. Lakini atakayekuja kuniambia kibuyu cha kwanza kilithibitisha mama hana kosa, ajue mama aliitetea hoja hiyo hadi anazikwa, na kwa ufasaha kumzidi.