Mchi Ulionivunja Bega Kazini

Mimi ni polisi, na nimewahi kuvunjwa bega na mchi uliotoka mbinguni.

Cheka tu. Hata daktari alicheka.

Nilikuwa doria Mji wa Kale, namkimbiza kijana aliyepora simu. Kichochoro chembamba, buti zinateleza, pumzi imekata. Mara, paa! Nikajikuta chini, mchi wa kutwangia umelala kando yangu.

Mwizi akageuka, akaniangalia. "Pole, afande," akasema, akatokomea.

Bega lilihitaji upasuaji. Nikaomba fidia ya kuumia kazini. Ofisi ikajibu: lete shahidi.

"Nekesa, huko wanashuku ulianguka na bodaboda siku ya ofu," akaniambia Jeremy, mwenzangu anayeshika mafaili kituoni.

Nilitukana kwa Kibukusu.

Mtaa mzima uliukana mchi. Dirisha lililo juu ya pale nilipoanguka ni la Bi Khairiya, mjane aliyekuwa eda. Nilimbishia hodi mara tatu. Kila mara ananijibu nyuma ya mlango: "Mwanangu, mimi ni mtu wa eda. Sikuchungulia dirishani. Watu watanena."

Miezi ikapita. Nilikuwa siwezi hata kumsuka binti yangu nywele. Nilimchukia yule mama, nisiseme uongo.

Eda ilipoisha akatuita, mimi na Jeremy. Kahawa, halua, salamu ndefu. Kisha akautazama mkono wangu uliofungwa shingoni, akaanza kulia.

"Andika," akamwambia Jeremy. "Afande alikuwa akimfukuza mwizi. Naliona kwa macho yangu. Na mchi ni wangu. Nalimtupia mwizi, ukampata yeye."

Kalamu ikamwanguka Jeremy.

"Mama, hii ni kesi!"

"Najua. Ndiyo maana nalijificha nyuma ya eda. Lakini mtoto wa watu hawezi kuinua mkono. Andika."

Jeremy akanigeukia. "Unamshtaki?"

Miezi yote nasaka shahidi, kumbe shahidi ndiye mshukiwa! Hasira zilinipanda, halafu nikacheka mpaka bega likauma.

"Nimshtaki kwa nini? Huyu ndiye raia pekee aliyewahi kujaribu kunisaidia kukamata mwizi. Shabaha tu ndiyo mbovu."

Fidia ikapita. Nikapasuliwa, na aliyekuja wodini kunilisha uji ni Bi Khairiya.

Funzo: mtu akikunyima ushahidi, usikimbilie kusema hana roho. Huenda anaogopa.

Na wewe afande unayekimbiza wezi Mji wa Kale, vaa helmeti.