Mjane Kwenye Duka la Dawa

Juzi nilikuwa kwenye duka la dawa hapa Morogoro mjini, mjane mmoja akaja akaegemea kaunta. Mumewe aliumia mgongo kiwandani, akaandikiwa vidonge vya maumivu. Kiwanda kilibinafsishwa na kazi ikaisha, lakini vidonge hakuviacha. Mwishowe alimeza vingi mno, akafa.

"Mlimuuzia kila alipokuja," alisema.

"Mama, aliviandika daktari," alijibu muuzaji.

"Daktari anasema aliandika vya wiki moja tu."

Muuzaji alianza kupanga upya maboksi ya dawa juu ya kaunta.

"Sikuja kugombana, mwanangu. Nyumba imepoa. Natamani hata kumsikia akiniita kutoka bafuni nimpelekee sabuni aliyoisahau."

Biashara sasa ni huria, dawa zinapatikana kila mtaa. Aliyeadimika ni mtu wa kukiri kosa na kusema, "Ni mimi."